Kabla ya Kupanda Jukwaani: Historia ya Mdahalo wa Kiswahili Katika Shule za Upili

Mwanafunzi mpya anapoingia shule ya upili huambiwa achague chama. Wapo wanaokimbilia muziki, wapo wa drama, wapo wa skauti. Anayechagua mdahalo aghalabu hukabiliwa na swali la pili ambalo wenzake hawaulizwi: utasema kwa lugha gani? Swali lenyewe laonekana dogo. Makala hii inadai kuwa lina historia ndefu, na kwamba mwalimu asiyeizingatia historia hiyo humfunza mwanafunzi wake kusimama, kusalimu na kushuka jukwaani bila ya kumfunza kulumbana.

Katika vyumba vya walimu husikika mara kwa mara kwamba mdahalo ni desturi ya kigeni, iliyoletwa na Wazungu pamoja na kriketi na kengele ya shule, na kwamba Kiswahili ni mgeni mwalikwa tu katika karamu hiyo. Dai hili lina ukweli nusu. Umbo la mdahalo wa shule, yaani mwenyekiti, mtunza muda, upande wa kuunga na upande wa kupinga, hoja inayosomwa mwanzoni na kura inayopigwa mwishoni, kweli lilitoka Uingereza. Vyama vya wanafunzi vya Cambridge (1815) na Oxford (1823) vilifuata mtindo wa Bunge la London, na shule za wamishonari na za serikali ya kikoloni zikaurithi mtindo huo. Hata hivyo, umbo ni jambo moja na sanaa ni jambo jingine. Sanaa ya kumjibu mpinzani mbele ya hadhira, kwa kanuni ambazo pande zote mbili zimezikubali, ilikuwapo katika Kiswahili kabla ya shule ya upili ya kwanza kujengwa nchini Kenya. Kutotenganisha mambo haya mawili kumetugharimu, na gharama yenyewe tunaisahihisha kila muhula kwa kalamu nyekundu.

Tufafanue istilahi kwa ufupi. Mjadala ni mazungumzo ya kulipima jambo kwa pande zake zote. Mdahalo ni mashindano rasmi ambapo msemaji hupewa upande na kuutetea hadi mwisho. Ulumbi ni umahiri wa kuitumia lugha mbele ya watu, na malumbano ni pale walumbi wawili au zaidi wanapokabiliana. Silabasi ya fasihi simulizi imeweka ulumbi na malumbano ya utani katika kundi la mazungumzo, ilhali mdahalo umewekwa katika utungaji. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa maana mwanafunzi husoma ulumbi kama kitu cha wazee na mdahalo kama kitu cha shule, asijue kuwa ni ndugu.

Malumbano kabla ya shule

Tuanzie Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19. Muyaka bin Haji, anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840, alikuwa mshairi wa mji uliotawaliwa na Wamazrui na uliokuwa na uhasama mkubwa na Lamu. Karibu na 1812 majeshi ya Mombasa na washirika wao wa Pate yalishindwa katika vita vya Shela, kisiwani Lamu. Vita vya silaha vilipotulia, vita vya tungo viliendelea. Shairi lilitungwa mji mmoja, likavuka bahari, likasomwa barazani mji wa pili, na washairi wa huko wakawa na deni la kujibu. Miongoni mwa waliojibizana na Muyaka ni Zahidi Mgumi wa Lamu na, kwa utani wa kirafiki zaidi kuliko uadui, mshairi anayejulikana kama Ali Koti.

Tungo za Muyaka zingepotea lau si juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyezikusanya na kuzifafanua akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor katika miaka ya mwisho ya karne hiyo. William Hichens alizichapisha kama diwani mnamo 1940, na Mohamed Abdulaziz akazihakiki kwa kina katika kitabu chake cha 1979. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kuwa siasa ilijadiliwa kwa Kiswahili kabla ya ukoloni wa Mwingereza hana haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Lakini la muhimu kwetu si siasa yake. Ni kanuni ya kujibu. Katika kujibizana, aghalabu mshairi alitarajiwa kuifuata bahari ya aliyemwanza, mizani yake na hata vina vyake. Alilichukua neno la mpinzani, au taswira yake, akaligeuza na kumrudishia. Ikiwa mpinzani amejilinganisha na chombo kilichotia nanga, jibu halikuanza kwa habari za simba na mbuni. Lilianza kwa nanga hiyohiyo, kamba yake ikaonyeshwa ilivyooza. (Mfano huu ni wangu, nimeutoa kwa ajili ya darasa.) Tazama basi kanuni hiyo inavyomlazimisha mtu kusikiliza. Asiyesikiliza hawezi kujua kina kilikuwa kipi. Anayekuja na jibu alilolitunga wiki iliyopita atajulikana papo hapo, kwa kuwa vina havitaoana, na hadhira ya baraza, ambayo ilikuwa na masikio makali kuliko waamuzi wengi wa mashindano ya siku hizi, ingemcheka.

Wala malumbano hayakuwa ya wanaume pekee. Katika Mombasa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya lelemama vya wanawake vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi, kwa karamu, na kwa nyimbo zilizowasema wapinzani na kuwaaibisha waliovunja miiko ya jamii. Margaret Strobel ameieleza historia hiyo katika utafiti wake wa wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa 1979. Nalitaja hili kwa sababu mada ya nafasi ya mtoto wa kike hujirudia sana katika midahalo ya shule, na bado husikika wasemaji, wavulana na wasichana, wakidai kuwa mwanamke wa zamani hakuwa na ukumbi wa kusemea. Alikuwa nao, na alikuwa na waamuzi wake.

Bara nako hakukukosa walumbi. Wabukusu wana kumuse, ambapo msemaji mteule huwahutubia waombolezaji, akisimulia historia ya ukoo na kuwaonya walio hai. Wameru wana baraza la Njuri Ncheke, na kila jamii ina namna yake ya kujadili mahari, ambapo mzungumzaji asiyejua mafumbo huachwa nje ya kikao. Mwanafunzi wa Kitale au wa Maua anayejiunga na kikosi cha mdahalo haingii katika nyumba ya Waswahili wala ya Waingereza akiwa mikono mitupu.

Shule zinaingia

Maseno ilianzishwa 1906 na Alliance 1926. Shule za namna hii zilikusudiwa kuwatoa makarani, walimu, wahubiri na baadaye viongozi watakaoifuata njia iliyochorwa, na mdahalo ulikuwa sehemu ya malezi hayo. Ulifanywa kwa Kiingereza. Mwanafunzi alijifunza kumwita mpinzani wake mheshimiwa, kuomba nafasi kwa mwenyekiti, kushindwa bila kununa. Mafunzo hayo hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa katika sharti lililoambatana nayo: kwamba hekima ipitie mlango mmoja wa lugha, na anayejikwaa mlangoni ahesabiwe kuwa hana hekima.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, aliyaandika pande zote mbili za jambo hili. Katika kitabu chake cha uhakiki cha 1986 alikumbuka jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kikikuyu shuleni alivyochapwa au kuvikwa kibao cha kumdhalilisha. Walimu wengi wa rika langu wanakijua kidude hicho kwa majina mbalimbali, maana hakikuondoka na bendera ya Mwingereza. Lakini Ngũgĩ huyohuyo, katika kumbukumbu zake za 2012 zinazohusu miaka yake Alliance kati ya 1955 na 1958, alisimulia pia habari za chama cha mdahalo. Hoja iliyokuwa mezani ilihusu elimu ya Kizungu. Yeye alishika penseli mbele ya wenzake, akawapa mfano wa mgeni anayeingia nyumbani kwako, anachukua ardhi yako na kukuachia penseli, kisha akauliza kama hayo ni mabadilishano ya haki.

Tuusome mfano huo kihakiki. Ulitolewa kwa Kiingereza, katika ukumbi wa Kiingereza, chini ya kanuni za Kiingereza, wakati wa Hali ya Hatari, mbele ya vijana ambao baadhi yao jamaa zao walikuwa wameipoteza ardhi. Lakini mbinu yake ni ya baraza. Msemaji hakuleta takwimu wala hakupanga hoja tatu zenye namba. Alikichukua kile ambacho upande wa pili ulikuwa ukikisifu, penseli, chombo cha elimu yenyewe, akakigeuza kuwa ushahidi dhidi yao. Hivyo ndivyo Muyaka angefanya.

Mwanafunzi mwingine wa wakati huo aliyejiunga na mdahalo alikuwa ng'ambo ya mpaka. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora, Tanganyika, mnamo 1937, na akiwa huko alisaidia kuunda kikosi cha mdahalo cha shule. Kwa watu wengi habari hii ni pambo la wasifu wa mwanasiasa, jambo la kusemwa haraka kabla ya kufika uhuru wa 1961. Kwa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili ina uzito mwingine, kwa kuwa kijana huyo baadaye aligeuka mfasiri.

Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka 1963 na ikatoka tena 1969 baada ya kusahihishwa kwa jina la Juliasi Kaizari, na The Merchant of Venice, iliyotoka 1969 kama Mabepari wa Venisi. Mengi yameandikwa kuhusu neno hilo mabepari na siasa ya Azimio la Arusha la 1967. Sijaona likizungumzwa vya kutosha jambo jingine lililo wazi: tamthilia zote mbili zina kilele ambacho ni shindano la maneno mbele ya hadhira. Sidai kuwa ndiyo sababu Nyerere alizichagua. Nadai tu kuwa mwalimu anayefunza mdahalo anazo hapo, kwa Kiswahili, nyenzo mbili ambazo hatuzitumii.

Tuchukue Juliasi Kaizari. Kaizari ameuawa, na umma wa Roma wataka maelezo. Bruto anasema kwanza. Hotuba yake ni fupi, imepangika, ina mantiki, na imeandikwa kwa nathari. Anaueleza umma kuwa alimpenda Kaizari ila aliipenda Roma zaidi, na umma unamshangilia. Kisha anafanya kosa ambalo tunaliona kila Ijumaa alasiri katika kumbi za shule zetu: anaondoka. Amesema yake, ameshangiliwa, basi anakwenda zake na kumwachia Antonio jukwaa. Hasikii hata neno moja la jibu.

Antonio naye alikuwa amewekewa masharti. Aseme baada ya Bruto, kutoka jukwaa lilelile, na asiwalaumu waliomuua Kaizari. Ni masharti ya mdahalo kabisa. Na Antonio anayatii, angalau kwa maneno. Hamwiti Bruto muuaji. Anachofanya ni kulichukua neno ambalo upande wa Bruto umejivika, neno la heshima, akalirudia, akaliweka kando ya tendo moja la Kaizari, kisha la pili, kisha la tatu, hadi neno lilelile linapoanza kunuka mdomoni mwa wanaolisikia. Hajaleta neno jipya. Amelijibu neno la mpinzani kwa neno la mpinzani, kama vile mshairi wa Lamu anavyofuata vina vya Mombasa. Bruto angekuwapo, huenda angesimama kujibu. Hakuwapo.

Katika Mabepari wa Venisi mbinu ni hiyohiyo, ila imepelekwa mahakamani. Shailoki anashikilia mkataba wake, neno kwa neno. Anadai ratili ya nyama na hataki huruma. Poshia, aliyejigeuza wakili, kwanza anamwomba huruma na kushindwa. Ndipo anapoacha kumpinga na kumkubalia: mkataba na ufuatwe, neno kwa neno, basi ni nyama na si damu. Shailoki ananaswa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Nimewahi kuwasomesha wanafunzi tukio hili baada ya wiki tatu za kuwaambia "mjibu mpinzani" bila mafanikio. Baada ya tukio hili moja waliacha kuniuliza nina maana gani. (Chuki dhidi ya Wayahudi iliyomo katika tamthilia hiyo ni suala ambalo mwalimu hana budi kulizungumza, wala si vyema kulikwepa kwa kisingizio cha mbinu.)

Kiswahili kinapanda jukwaani

Mdahalo wa shule ni mtoto wa Bunge, na kwa hivyo lugha ya mtoto ilitarajiwa kuufuata mkondo wa mzazi. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya majadiliano Bungeni. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo yalibadilika ghafla. Baadhi ya waliosifika kwa ufasaha walijikuta wakitafuta maneno, na baadhi ya wale ambao hawakuwa wakisikika wakaanza kusikika. Watu hawakuwa wamebadilika kwa usiku mmoja, wala hekima yao haikuongezeka wala kupungua. Lililobadilika ni mlango. Mnamo 1979 Kiingereza kiliruhusiwa tena sambamba na Kiswahili, na wengi wakarejea katika mlango wa kwanza. Sioni mfano bora wa kumpa mwanafunzi anayedhani kuwa umahiri wa Kiingereza na umahiri wa hoja ni kitu kimoja.

Jambo la kutia mshangao ni kwamba mwaka huohuo, wakati Bunge lilikuwa likihangaika na Kiswahili, wapiga kura wa Lamu Mashariki walikuwa wakikitumia bila shida yoyote. Uchaguzi wa 1974 na uchaguzi mdogo uliofuata 1975 uliendeshwa huko kwa mashairi. Washairi wa pande mbili, wanaume kwa wanawake, walitungiana na kujibizana, tungo zikanaswa katika kanda na kusikilizwa nyumbani na barazani. Assibi Amidu alizikusanya tungo hizo na kuzichapisha 1990 kwa jina la Kimwondo. Kwa hivyo malumbano ya jadi hayakufa na Muyaka. Yalikuwa hai, yana kinasa sauti, na yaliamua nani aende Bungeni, pale ambapo amri ya rais ilikuwa ikiwafunza wengine kusema.

Shuleni mabadiliko yalikuja kwa njia ya mtihani, jambo ambalo halimshangazi mwalimu yeyote wa Kenya. Tume ya Gachathi ilipendekeza 1976 kuwa Kiswahili kiwe somo la lazima na litahiniwe. Pendekezo hilo lilitekelezwa kikamilifu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakaufanya mtihani 1989. Ghafla kila shule ya upili ikahitaji walimu wa Kiswahili, vitabu vya Kiswahili, na chama cha Kiswahili chenye shughuli za kufanya. Mdahalo ukawa shughuli hiyo. Katiba ya 2010 nayo ikakiweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika kifungu cha 120 ikakitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya.

Tatizo ni kwamba mdahalo wa Kiswahili ulipoingia shuleni uliingia kama tafsiri. Kanuni za chama cha Kiingereza zilinakiliwa na kubadilishwa majina. Hakuna aliyeuliza baraza lilikuwa na nini cha kuchangia. Badala yake Kiswahili kilitakiwa kujithibitisha kwa mapambo. Ndiyo sababu tunasikia salamu zinazomaliza dakika nzima kati ya tatu: mstahiki mwenyekiti, waamuzi waadilifu msioyumba, mtunza saa makini, katibu mwenye kalamu ya dhahabu, wapinzani wangu mliopotoka, na hadhira tukufu. Ndiyo sababu pia methali humiminwa tano kwa mkupuo, na msamiati huteuliwa kwa ugumu wake. Kijana anasema "ghaidhi" mahali ambapo "hasira" ingetosha, ukumbi unapiga makofi, mwamuzi anaongeza alama. Hayo ni maonyesho ya kamusi. Katika malumbano ya Muyaka lugha ilikuwa ngumu pia, ila ugumu ulikuwa silaha yenye shabaha. Ulimlenga mtu na ulimtaka ajibu.

Athari zake katika mtihani tunazijua. Anayetakiwa kuandika mdahalo katika karatasi ya insha huandika aya nzima ya salamu, hoja sita za upande wake zilizokaririwa, kisha hitimisho la kuwashukuru waamuzi. Hapana mahali anapomtaja mpinzani amesema nini. Anayetakiwa kuandika mjadala naye, ambao unamhitaji atoe pande zote mbili kabla ya kutoa msimamo wake, huandika mdahalo. Insha ina alama 20 na takriban maneno 400. Mtahiniwa aliyetumia maneno 80 kusalimu amejinyang'anya nafasi ya hoja moja nzima. Mtahini hataki muujiza. Anataka aone hoja ya upande wa pili imesikika, imepimwa, na imejibiwa. Mwanafunzi aliyekaa mwaka mmoja katika kikosi kinachosikiliza huandika hivyo bila kufikiri, kwa sababu amezoea.

Faida haiishii katika insha. Swali la isimu jamii linapomtaka mtahiniwa abainishe sajili ya bunge, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mdahalo anaijua kutoka ndani: vyeo vya heshima, hoja ya nidhamu, kuomba fursa, kurejelea kanuni, kukatizana kwa adabu. Swali la fasihi simulizi linapouliza sifa za mlumbi, hana haja ya kukariri orodha. Anamkumbuka mwenzake aliyemshinda.

Nani aingie kikosini?

Hapa desturi yetu imekuwa kumteua mwenye sauti. Mwalimu hupita darasani, humwona yule asiyenyamaza, akamwandika. Historia tuliyoipitia inampendekeza mwingine. Mjibizaji wa baraza alikuwa msikilizaji kwanza, na Bruto alikuwa na sauti nzuri. Ningemshauri mwalimu amtafute pia yule wa nyuma ambaye mwenzake akikosea hutabasamu kabla ya wengine kutambua kosa. Huyo amesikia. Sauti hufunzwa kwa muhula mmoja.

Kwa mwanafunzi anayesitasita kwa sababu Kiswahili chake si cha pwani, neno langu ni fupi: kanuni ya kujibu haina lafudhi. Wapo wasemaji hodari ambao huchanganya ngeli wanapopandwa na jazba, na sarufi yao hunyooka kadiri wanavyosema. Kikosi kinachomkatiza msemaji kila anapokosea upatanisho wa kisarufi kinakirudisha kile kibao cha shingoni kwa njia nyingine. Makosa na yaandikwe na katibu, yazungumzwe baada ya kikao.

Zoezi ninalolipendekeza kwa vikao vya kwanza halihitaji vitabu wala fedha. Hoja iwe moja, itokane na Juliasi Kaizari: kwamba Bruto alitenda haki. Msemaji wa kwanza apewe dakika mbili, bila salamu, zaidi ya kumtaja mwenyekiti mara moja. Msemaji wa upande wa pili asiruhusiwe kuanza hoja yake hadi arudie, kwa maneno yake mwenyewe, kile alichokisema wa kwanza, na wa kwanza akubali kwa kutikisa kichwa kuwa hivyo ndivyo alivyosema. Akikataa, arudie tena, na saa ya mtunza muda iendelee kuhesabu. Kisha achague neno moja la mpinzani na ajenge jibu lake juu ya neno hilo. Katibu aandike neno lililochaguliwa kila mara, katika daftari lenye safu mbili, safu ya aliyelisema na safu ya aliyeligeuza, na daftari hilo lisomwe mwanzoni mwa kikao kitakachofuata.